Sifuri Mbili

Ofisi yetu iko Ganjoni, juu ya duka la vitambaa,
feni moja, madirisha matatu,
na la tatu halifunguki.
Kazi yangu ni kufungua.
Si madirisha. Faili.

Kila mlango wa mfumo una hodi yake.
Nifungulie nisome tu.
Nifungulie nisome na niandike.
Niundie mpya, na kama ipo tayari nikatalie,
nisije nikakanyaga kazi ya mwenzangu.
Bendera ndogo ndogo, kila moja na biti yake;
nazipanga, mstari wima kati yao
kama njiti za kiberiti,
kisha nabisha mara moja.

Lakini mashine hazikulelewa nyumba moja.
Ile ya Shimanzi, kwenye ghala la chai, ni kongwe,
imerithiwa na mabosi watatu,
na nusu ya bendera zangu haijapata kuzisikia.
Ndiyo maana maktaba yetu ina mstari
nilioutia mwenyewe, alasiri moja, nina haraka:
bendera ikikosekana hapa, ihesabiwe sifuri.
Sifuri ukiichanganya na wenzake
haiongezi, haipunguzi.
Mashine ikatafsiri yote bila kunung'unika.
Nikajisifu, nikashuka kununua viazi karai.

Chengo alipiga simu saa nane usiku.
"Orodha ya lakiri za makontena. Juni imeandikwa juu ya Mei."
Kiungo kilikuwa kimeelekezwa kwingine,
kwa bahati au kwa mkono, hatujui hadi leo,
na programu yangu, iliyokatazwa kufuata viungo,
ilikifuata.
Nikamwambia haiwezekani, bendera nimeiweka.
"Umeiweka, ee," akasema Chengo.
"Lakini huku yaitwa nani?"

Nikakaa kitandani nikizihesabu sifuri zangu.
Zilikuwa za aina mbili,
mapacha waliovishwa sare.
Ile ya baiti ghafi, inayoizuia mashine
kukitia mkia kila kikomo cha mstari,
ni sifuri kwa kuwa mashine zetu hazina tabia hiyo.
Umepewa kabla hujaomba.
Na hii ya kiungo ni sifuri kwa kuwa hakuna ajuaye kuitimiza.
Umeomba, na ombi limeanguka
kati ya mlango na sikio.
Moja ni kimya cha radhi.
Ya pili ni kimya cha nyumba isiyo na mtu.

Munira aliulizwa mara tatu,
chumba cha ndani, Kibokoni, nyuma ya pazia,
mimi nimemshika kiwiko.
Mara tatu hakusema.
"Kunyamaa ni kuridhia," akasema ami,
na wakili akakibeba kimya kile hadi msikitini
kama neno kamili.
Hakuna aliyerudi kutazama
kilichofunguliwa ni kipi.
Huu mwaka wa pili dada yangu analala chumbani kwangu.
Begi moja bado hajalifungua.

Sikuweza kuifundisha mashine ya Shimanzi bendera mpya.
Niliongeza mistari sita.
Kabla ya kufungua, itazame faili, ishike namba yake.
Fungua.
Kisha iulize ile iliyo mkononi: ndiwe?
Namba zikitofautiana, funga, usiandike hata herufi.
Bado kuna upenyo kati ya kutazama na kufungua,
mwembamba; mwenye nia atapita.
Nimeutaja kwenye maelezo, pembeni mwa msimbo,
ajaye baada yangu asidhani amelindwa.

Kabla ya adhana Munira aligeuka kwenye mkeka.
Nikamwuliza, nikuzimie feni?
Kimya.
Siku nyingine ningeizima.
Nikawasha taa, nikauliza tena, nikangoja
mpaka akakunja uso kwa mwanga.
"Iache," akasema.
"Ila dirisha, lifungue."